Kiti cha Mgonjwa

Paskalia alichaguliwa na mkutano wa kijiji kwa sababu ya makalio yake, na jambo hilo lilisemwa hadharani, wanaume kwa wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Lukumbi iandikishwe kuwa kijiji cha ujamaa. Kabichi za shamba la pamoja zilikuwa zimekwenda vizuri sokoni, na wanakijiji wakakubaliana inunuliwe pikipiki, hata ikiwa kuukuu, ya kuwafikisha wagonjwa hospitali ya Morogoro. Iwe ya watu wawili, dereva mbele na mgonjwa nyuma. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza: dereva atajua mbele kukoje, je, nyuma atajua nani?

"Swali zuri," akasema Ndugu Benedikto, mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. "Nitakwenda na mama mmoja akajaribu kukaa. Awe mama aliyezaa, anayejua maumivu. Tena awe na cha kukalia."

Macho yote yakamgeukia Paskalia.

Hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa mjane wa mwaka wa sita, mtu wa misa ya kila Jumapili na rozari ya kila jioni, na mtu wa kutazama kuliko kusema. Kijijini walimwita Mama Cecilia, na kila walipomwita hivyo walimkumbusha bila kukusudia. Cecilia, mzaliwa wake wa kwanza, alifia kwenye machela. Wanaume sita walikuwa wakimteremsha mlimani, uchungu wa uzazi umemshika siku ya pili, na kwenye kivuko cha mto akanyamaza. Wanaume walitembea hatua nyingi kabla hawajajua kwamba wamebeba maiti.

Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mashamba ya Paskalia, pale juu penye ukungu, yalikuwa yaende kwa Cecilia. Sasa alibaki Modesta peke yake, kitinda mimba, ambaye mwezi huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Kwa hiyo wengine walipokuwa wakiizungumzia pikipiki, Paskalia alimwona Modesta amekaa juu yake, anafika hospitali akiwa anapumua.

Akasema, "Nitakwenda."

Waliteremka alfajiri kwa miguu mpaka Mlali, wakadandia lori la mahindi, wakafika mjini jua likiwa juu. Kule Kihonda, jirani na mashamba ya mkonge, fundi mmoja aitwaye Mzee Mikidadi alikuwa akiuza pikipiki zilizoachwa na mameneja wa mashamba walipofunga virago kurudi kwao, baada ya serikali kuyachukua mashamba.

"Shikamoo, mzee," Paskalia akasalimu.

"Marahaba, mama. Karibuni. Naona mmeshuka na mlima wenu miguuni."

Paskalia akatazama miguu yake. Udongo mwekundu ulikuwa umeganda mpaka kwenye vifundo. Akaona pia kwamba fundi aliitazama miguu ile muda mrefu zaidi ya mtu anayetania.

Zilikuwapo tatu. Moja haikuwa na kiti cha nyuma, wakaipita. Ya pili ilikuwa nyembamba, imeinuka juu, matairi yake yana meno makubwa, kiti chake kigumu kama ubao wa kufulia. Ya tatu iliegeshwa chini ya paa la makuti, imefunikwa shuka. Mzee Mikidadi alipolivuta shuka, Ndugu Benedikto alivua kofia.

Lilikuwa dude. Jeusi, refu, limelala chini, vipini vimetanuka kama pembe za fahali, eksozi mbili zinang'aa hata ungeweza kujitazama ukachana nywele. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, kipana, na nyuma kina mgongo wa kuegemea. Abiria aliwekewa hata mbao za kukanyagia, miguu isining'inie.

"Huyu mwembamba ni mbuzi," Mzee Mikidadi akasema, akiipigapiga ile ya matairi ya meno. "Hana adabu, atakurusharusha, lakini anapanda. Na hili jeusi ni sofa. Meneja alikuwa anakwenda nalo Dar es Salaam na mkewe kila mwisho wa wiki. Mama yule alikuwa anasinzia njiani."

"Anasinzia!" Benedikto akamgeukia Paskalia. "Umesikia, Mama Cecilia? Mgonjwa tumpandishe mbuzi au tumkalishe kwenye sofa?"

"Mnakwenda nalo wapi, ndugu?" fundi akauliza.

"Hospitali."

"Hospitali najua ilipo. Nauliza linalala wapi."

"Barabara ipo, mzee," Benedikto akajibu, tayari ameshika vipini. "Kijiji kinajenga barabara kwa kujitolea. Wewe tia mafuta tujaribu."

Mzee Mikidadi akamtazama Paskalia, kama mtu anayemwachia mwenzake zamu ya kusema. Paskalia aliuona mtazamo ule. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye macho alikuwa nayo. Barabara ile ya kujitolea aliijua, maana yeye mwenyewe alikuwa ameponda mawe yake: ilianzia Mlali, ikaenda mwendo wa kuchoma sigara mbili, ikaishia kwenye mwamba. Neno lilimfikia kooni. Lakini Benedikto alikuwa amekwisha kuliwasha dude, nalo lilinguruma kwa upole, kama paka aliyeshiba.

Walianza na mbuzi. Walizunguka uwanja wa fundi tu, na mfupa wa kitako ukamuuma Paskalia. "Kigumu," akasema. Wakahamia kwenye sofa, na hilo hawakulijaribu uwanjani. Benedikto alilitoa mpaka barabara kuu ya lami, akalielekeza Dar es Salaam.

Paskalia alikaa upande, miguu yote miwili kushoto, kanga ameibana magotini. Mwanzo alisali. Halafu lami ikanyooka, upepo ukamwingia shingoni, milima ya Uluguru ikawa inakwenda kando yake taratibu kama maandamano ya Ekaristi, vilele vimefunikwa vitambaa vyeupe. Hakuna kilichomtikisa. Mgongo ambao ulikuwa umebeba kuni, watoto, kabichi na jeneza uliegemea ngozi, ukalegea. Walipofika Kingolwira na kugeuza, alijigundua anatabasamu. Tena akagundua kwamba mwendo wote ule hakumfikiria Cecilia hata mara moja.

"Haya, mtaalamu wetu," Benedikto akasema walipozima injini. "Ukweli wako mbele ya Mungu. Kiti gani kizuri?"

Hilo ndilo swali alilouliza. Na Paskalia, asiyesema uongo, alijibu kwa ukweli.

"Hiki. Hiki ni laini."

Mzee Mikidadi akainama kuokota shuka lake. "Basi," akasema. "Mama kachagua."

Walirudi nalo wakiwa wamekaa kama bwana na bibi harusi. Mpaka Mzumbe lami, mpaka Mlali vumbi, na bado lilikwenda. Watoto walikimbia nyuma. Kona ya kwanza ya mlimani, pale barabara ya kujitolea ilipokutana na mwamba, dude lilikwangua tumbo likazima. Likawashwa, likapanda urefu wa mtu aliyelala, likazima tena, likaanza kurudi nyuma kwa uzito wake. Wakaitwa wanaume wanane na kamba. Siku nzima walilivuta wakiliimbia nyimbo za jembe, na jioni lilikuwa hatua hamsini juu ya mwamba, mafuta yanavuja. Kesho yake walilirudisha chini.

"Tutapanua barabara," mwenyekiti akasema.

Dude likahifadhiwa Mlali. Baada ya mwezi likasikika lipo Morogoro, maana Mlali, mwenyekiti alisema, kuna wezi. Baada ya miwili likaonekana Dumila, mwenyekiti anahudhuria semina. Mkewe, Yuliana, alikwenda nalo harusini Dar es Salaam, akarudi akisimulia kisimani jinsi kilemba chake hakikusogea toka nyumbani hata ukumbini.

"Kiti kizuri, dada Paskalia," akasema. "Mwenyewe ulikijaribu. Hukutudanganya."

Ungemdhania anamkejeli, kumbe alikuwa anashukuru kwa moyo safi. Ndiyo maana liliuma.

Kwenye mkutano watu walinung'unika. Mbona pikipiki ya wagonjwa haijabeba mgonjwa? Katibu akafungua daftari la kumbukumbu akasoma: pikipiki ilichaguliwa na mwakilishi wa akina mama, Ndugu Paskalia, baada ya kufanya majaribio na kuridhika. Watu wakageuka. Zamu hii hakuna aliyecheka. Paskalia alikuwa na darasa la nne. Aliomba daftari, akasoma mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuona hata neno moja la uongo. Akalirudisha.

Jumamosi yake aliungama kwa padre. Alisema alipelekwa kazi ya wagonjwa akaifanya starehe yake, na kwamba aliona swali machoni pa mtu akalikalia. Padre alicheka kidogo nyuma ya dirisha la kitubio. Kufurahia upepo si dhambi, mama. Akampa Salamu Maria tatu. Alizisali zote tatu, kisha akaongeza thelathini, na uzito ulikuwa palepale.

Modesta hakumlaumu. Wiki zile za mwanzo, kabla dude halijagonga mwamba, Paskalia alikuwa amemsimulia kile kiti mpaka binti akakijua kama kitanda chake: ngozi yake, mgongo wake, mbao za miguu. "Utakaa kama malkia," alikuwa akimwambia. Sasa tumbo lilikuwa limeshuka na mama hakukitaja tena.

Uchungu ulianza siku ya Jumatano, jogoo wa kwanza. Andrea, mumewe Modesta, alitimua mbio kuteremka ili atafute lori, amwarifu mwenyekiti mjini, dude lije lisubiri chini. Kulipokucha wanaume sita waliinua machela. Paskalia alitembea kando, kashika mkono wa binti yake, rozari kaizungusha mkononi mwake mwingine. Njia ilikuwa ileile, na kila jiwe lake alilijua.

Kwenye kivuko cha mto Modesta alipiga kelele, "Mama, wanishushe!" Wakamshusha kwenye majani, wanaume wakageuka kuangalia mlima. Mtoto alitanguliza miguu, kichwa kikakawia. Paskalia alimvuta kama walivyovuta mama zake na bibi zake, huku akimwita Mungu kwa majina yote anayoyajua. Alikuwa wa kike. Alifungua mdomo mara mbili, mara ya pili polepole kuliko ya kwanza.

Paskalia akateka maji ya mto kwa kiganja.

"Cecilia," akasema, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mdomo haukufunguka mara ya tatu.

Damu ya Modesta haikukatika. Wakamrudisha kwenye machela, wakakimbia naye. Paskalia akafuata nyuma na mtoto, amemfunga kwenye kanga iliyokuwa ya kumpokelea.

Chini ya mwamba, mahali barabara ilipoishia, dude lilikuwa limeegeshwa kivulini. Jeusi, safi, linang'aa. Ndugu Benedikto alisimama kando, miwani ya jua kaipandisha kipajini. Alipoona machela aliharakisha kutoa leso, akapangusa kiti.

"Poleni, poleni sana. Andrea kanikuta kwenye kikao, nikaondoka palepale. Nimewahi, au siyo? Sijazidisha nusu saa toka mjini." Akaona kanga ya Paskalia, akaona ilivyofungwa. Mkono wenye leso ukasimama. "Aa. Mama Cecilia."

Wanaume wawili wakamnyanyua Modesta, wakamketisha upande, miguu yote miwili kushoto, wakamfunga kiunoni kwenye mgongo wa kiti kwa kitambaa cha machela. Miguu yake ikakanyaga mbao. Kichwa kikaegemea. Uso ulikuwa hauna rangi, lakini macho yalimtafuta mama yake, na alipompata akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kumfurahisha mwenzake:

"Mama. Ulisema kweli. Kiti ni laini."

Paskalia akamfunika miguu kwa upande wa kanga yake nyingine. Angependa kusema neno. Alilitafuta, na alichokipata ni lile alilolimeza kwa Mzee Mikidadi, miezi mitano iliyopita, na sasa halikuwa na kazi.

"Nenda," akamwambia mwenyekiti. "Nenda polepole."

Dude likanguruma kwa upole wake, likaondoka. Modesta angepona, hilo Paskalia angelijua wiki iliyofuata, pamoja na habari kwamba hatazaa tena. Siku ile aliwatazama mpaka vumbi likawafunika, kisha akageuka kurudi juu, kwa sababu mtoto wa ukoo huzikwa kwenye ardhi ya ukoo.

Wanaume walitaka kumpokea kile kifurushi. Akakataa. Pale kwenye mwamba, mahali njia inapobana, ililazimu kukanyaga jiwe moja pana ili kupita. Juu ya jiwe palikuwa na mkwaruzo mrefu wa rangi nyeusi, ule wa siku walipolivuta dude, na mvua za miezi yote hazikuufuta. Paskalia alisimama akautazama. Kisha akapandisha kanga kidogo, akaweka mguu papo hapo kwenye rangi, akapanda.