Jokofu Lililokuja Kujenga Utafiti

Jana Jumapili, baada ya kushiba wali na samaki, nilijinyoosha kwenye kochi, na ndoto ikanikuta hapo hapo, hata viatu sijavua.

Niliota kampuni ya dawa imefika Kyela. Ilikuwa jokofu jeupe, refu kuliko mlango, limevaa tai. Lilishuka lenyewe kwenye gari, likajipangusa vumbi, likanisalimia.

"Habari za kazi, Sista Atuganile?"

"Nzuri. Karibu sana," nikasema. Sikuona sababu ya kumkodolea mgeni macho.

"Nimekuja kujenga utafiti."

Na kweli, lilikuwa na matofali.

Niseme wazi kwamba nilifurahi mpaka mapigo ya moyo yakaenda mbio. Mimi ni muuguzi. Miaka yote dawa za selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, zimejaribiwa nchi za watu, sisi tukaletewa karatasi za matokeo. Na mdogo wangu Tusekile ana selimundu. Ana miaka thelathini na moja, ingawa madaktari wawili, kwa nyakati tofauti, walimwambia mama asimzoee. Sasa utafiti unakuja kwetu, na aliyeandika kwa Kiswahili fomu ya ridhaa, ile anayosaini mgonjwa kuonyesha amekubali, ni mimi hapa. Jumatatu, yaani leo, ilikuwa ipelekwe kupigwa chapa.

Jokofu halikupoteza muda. Linapanga tofali, maabara inasimama. Linapanga jingine, manesi kumi na wanne wanatoka wamefundishwa tayari, kila mmoja na kalamu yake. Nikapiga vigelegele.

"Na wewe furahi basi," nikaliambia.

"Nimefurahi," likasema, bila kubadilika hata kidogo. "Furaha yangu inaanzia nyuzi joto mbili, inaishia nyuzi nane. Nikizidisha hapo dawa zinaharibika."

Ndani ya maabara kulikuwa na benchi. Wameketi Kichefuchefu na Kizunguzungu, wamevaa nguo za kutokea.

"Sisi ni madhara yanayotarajiwa," Kizunguzungu akajitambulisha huku akiyumba.

"Mbona hamwingii mwilini mwa mtu?"

"Tunatarajiwa tu, Sista. Hatujaitwa."

Mezani kuna kidonge cheupe, kimejifunga kitambaa usoni. Nakiuliza kama chenyewe ni dawa, au ni kile cha unga mtupu wanachopewa wengine ili kulinganisha.

"Sijui," kinajibu. "Hawajaniambia. Utafiti huu ni wa upofu, mama. Mgonjwa hajui, daktari hajui, na mimi nikijua nafukuzwa kazi."

Nikakipa pole.

Nageuka, maabara imekuwa kanisa letu la Ipinda. Watu wamejaa hadi madirishani, wote wagonjwa wa selimundu na ndugu zao, na kila mmoja ameshika fomu yangu. Hakuna anayesaini. Mzee wa kanisa, Mwakalobo, anasimama na miwani yake puani.

"Mwanangu, utafiti tunautaka. Lakini hapa umeandika tukubali kuingia wapi?"

Nasoma. Ukurasa wa nne, kwa herufi nzito: *Ninakubali kwa hiari yangu kuingia katika majaribu ya dawa.*

"Majaribio!" napiga kelele. "Nilitaka kuandika majaribio!"

"Umeandika majaribu," anasema kwa upole. "Kila Jumapili tunapiga magoti kuomba tusitiwe humo. Leo twende tukasaini wenyewe?"

Watu wanaanza kutoka, mstari mmoja, kwa adabu zote, wakinipa mkono wa kwaheri. Nalikimbilia jokofu. Naliambia liwazuie, ni kosa la herufi tu, Tusekile wangu anaisubiri dawa hii.

"Nimeleta maabara, nimeleta mashine, nimefundisha watu," linasema, na tai yake imeloa. "Ridhaa sikuja nayo. Hiyo ni mali yao. Wakiisha kutoka wote, napakia matofali yangu."

Kipimo chake kinasoma tisa. Maji yanachuruzika sakafuni. Nililia kama mtoto, sifichi, maana niliona kazi ya miaka mitatu ya maandalizi na uhai wa mdogo wangu vinatoka mlangoni kwa neno moja nililoliandika mwenyewe.

Kanisa likabaki tupu, isipokuwa mtu mmoja benchi la mwisho, amenipa mgongo. Namwita, hageuki. Nasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Anamaliza, anaiweka chini, na kipimo cha jokofu kinashuka: nane, saba, sita.

"Mmoja ametosha kuanzia," likasema.

Nikaamka. Rasimu ya fomu ilikuwa juu ya meza ya sebuleni. Niliipekua hadi ukurasa wa nne. *Majaribu.* Nimeisoma fomu ile mara ishirini, na mara zote ishirini neno hilo lilinipita.

Chini yake palikuwa na sahihi, na wino uliniachia alama kidoleni.

"Tusekile!"

Akaja kutoka jikoni, anajifutia mikono kwenye kanga.

"Umesaini hii?"

"Ulikuwa umelala. Unakoroma wewe, dada."

"Hii ni rasimu, haihesabiki! Na hukuona nilichoandika? Majaribu, Tusekile! Unakubali kuingia katika majaribu!"

"Nimeona." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Majaribu nimo tangu nizaliwe, dada. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza kama nakubali."