Wa Kwanza Kutoka Kushoto

Bibi alipanda ngazi ya ile manowari ya zamani akiishika kamba kwa mikono miwili. Mimi nilimfuata nyuma, mwanangu begani. Mwongozaji, baharia mstaafu, alitungoja mlangoni.

"Inamisha kichwa, bibi. Meli hii haina adabu, inapiga hata wazee."

"Mimi nimepigwa na makubwa kuliko mlango."

Bibi alikuja kumtafuta babu. Wakati wa vita babu alikuwa mpishi humu, na siku moja jeshi likaleta barua: hajulikani alipo. Mama yangu alikuwa bado tumboni. Kwa maneno hayo mawili bibi hakuolewa tena, wala hakuvaa nguo za msiba. Aliposikia meli imefunguliwa kwa wageni na picha za vita zimetundikwa ndani, alinijia. "Jioni zote hizo umekwenda kusoma. Twende ukanisomee."

Picha zilikuwa kwenye chumba cha kulia cha mabaharia. Alimwona kabla yangu. "Huyu hapa!" Wanaume sita wamesimama ubavuni mwa meli. Wa kwanza kushoto ni kijana mwembamba mwenye aproni, anacheka. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo. "Soma, mama."

Nilisoma taratibu, kidole juu ya maneno: "Mabaharia sita kabla ya kutumwa ufukweni kwa boti ndogo. Wanne wa kwanza kutoka kushoto walirudi salama. Wawili wa mwisho hawakuonekana tena."

"Soma tena."

Nikasoma. Nilikuwa nimeanza kutabasamu, mjinga mimi. Bibi akaondoa mkono.

"Alirudi salama," alisema. "Basi alinitoroka. Mtu mzima, ana miguu miwili, njia ya kwangu anaijua. Nusu karne namwombea, kumbe yuko kwa mwenzangu anapakuliwa chakula!"

"Bibi, pengine..."

"Pengine nini? Si umesoma mwenyewe? Lete mtoto, twende zetu."

Sikumpa. Niliikodolea macho picha, natamani kumzaba babu kofi. Hapo nikaiona namba ya meli nyuma ya vichwa vyao. Wakati tunapanda nilikuwa nimeisoma: arobaini na saba. Kwenye picha saba ilitangulia, tena ilitazama upande usio wake. Saba hiyo naijua. Mwaka wangu wa kwanza darasani niliiandika hivyo hivyo, mwalimu akaniuliza, "Hii saba yako inarudi nyumbani kufuata nini?"

Nikamwita mwongozaji. Akasogeza miwani.

"Salaale! Miaka mitatu iko hapa. Wameichapa kinyume, kama ndani ya kioo."

Kushoto kulikuwa kulia. Babu alikuwa wa mwisho.

Ningeweza kunyamaza, bibi aondoke na hasira zake, na mumewe akiwa hai mahali fulani. Nilimketisha kwenye benchi, nikampakata mtoto, nikamweleza bibi kwa mikono: huku ni kule, kule ni huku.

"Kwa hiyo hakurudi," alisema.

"Hakurudi, bibi."

"Alikufa."

"Alikufa."

"Akiwa wangu?"

Hilo halikuandikwa popote.

"Akiwa wako."

Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyeletewa habari leo hii. Wageni walitoka mmoja mmoja. Mwongozaji akanyoosha mikono aiteremshe ile picha, naye bibi akamshika shati.

"Iache, mwanangu. Bado sijamaliza."