Shangazi Alipokuwa Prosesa

Tangu alfajiri shangazi alikuwa amechuchumaa ukutani, mkono kwenye plagi. Joto likifika nyuzi 37.7, anachomoa. Likishuka hadi 37.4, anachomeka. Nyuma ya kioo cha mashine ya kutotolesha kulikuwa na mayai mia moja na themanini, siku yao ya kumi na nane, bado siku tatu yaanguliwe. Yeye alikuwa na miaka sitini na miwili na goti bovu. Siku tatu za kuchuchumaa asingeziweza, na hilo tulilijua sote wawili.

Kosa lilikuwa langu. Bodi ya kuwasha na kuzima hita niliitengeneza mimi, mtoto wa kaka yake, niliyekwenda kusomea umeme nikarudi na cheti na domo. Wiki mbili na nusu ilifanya kazi vizuri, nikajiona fundi wa mafundi. Jana nikaongeza mistari miwili ya kuendesha feni, maana vifaranga wakikaribia kutoka wanataka hewa. Leo alfajiri hita ikagoma kuzima. Shangazi aliamka akakuta 39.1, akaing'oa plagi nusura aondoke na soketi.

Mwaka jana alijaribu kutotolesha kwa mashine ya kununua, joto likazidi. Aliyapasua mayai moja moja akakuta vifaranga kamili, wana kucha na manyoya, wote wamekufa. Mbele za watu hakulia. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia akiwaomba radhi.

"Nimeipitia programu mara tatu," nikamwambia. "Haina kosa."

"Basi wenye kosa ni mayai."

Nikainamia bodi tena.

"Hebu niambie," akasema, jicho kwenye kipimajoto. "Hiyo bodi yako inafikiri nini?"

"Haifikiri, shangazi. Ile prosesa inasoma mstari mmoja, inaufanya, inahamia unaofuata. Basi."

"Kama mimi mahakamani."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Hakimu akikosea tarehe, yeye anapiga tarehe iliyokosewa. Mawakili walimpachika jina la Kama-Ilivyo, kwa kejeli, naye akalibeba kama cheo.

"Njoo ushike plagi," akasema. "Mimi nitakuwa prosesa."

Sikuwa na subira ya michezo. Nilikuwa na hasira za mtu aliyekosea na hajui alipokosea, hasira mbaya kuliko zote. Lakini sikuwa na wazo lingine. Nikaandika kila amri kwenye karatasi yake, nikazipanga sakafuni kuanzia sifuri hadi nane. Nikampa kijiko cha kuonyesha mstari aliopo. Nikampa sahani: humo inakaa namba moja tu, ikiingia mpya ya zamani inatoka. Mwisho nikampa kitambaa chekundu.

"Hii ni bendera. Kila namba inayoingia kwenye sahani, itazame. Ikiwa chini ya sifuri, tundika kitambaa kwenye kiti. Isipokuwa chini ya sifuri, kishushe."

"Kila namba?"

"Kila namba, shangazi. Tuanze, tunachelewa."

Prosesa yangu haijui nukta, kwa hiyo 37.7 tuliiandika 377, na lile joto la alfajiri, tulilolitumia kwa jaribio, 391. Joto likizidi kikomo, jibu la kutoa linaangukia chini ya sifuri, bendera inapanda, na bendera ikipanda tunaruka hadi mstari wa kuzima hita. Rahisi. Nilichomeka plagi maana joto lilikuwa limeshuka, nikageuka kumtazama.

"Mstari wa sifuri. Pakia kikomo." Akaweka karatasi ya 377 kwenye sahani. "Mstari wa kwanza. Toa joto." Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Kumi na nne chini ya sifuri." Akatundika kitambaa.

"Umeona? Sasa inaruka, inazima."

"Sijafika huko. Mstari wa pili. Pakia feni." Akatoa karatasi ya zamani, akaweka yenye moja, yaani feni iwake. Kisha akanyoosha mkono, akakishusha kitambaa.

"Usishushe!" Nikaruka kutoka ukutani. "Hiyo bendera ni ya joto! Feni haihusiki!"

"Moja iko chini ya sifuri?"

"Hapana, lakini..."

"Ulisema kila namba."

"Nilisema, lakini maana yangu ilikuwa..."

"Maana yako imeandikwa wapi?"

Mara tatu nilikuwa nimeisoma ile programu, na mara zote tatu niliiacha bendera juu kichwani mwangu kwa sababu nilijua ninachokitaka. Shangazi hakuningoja. Akasogeza kijiko. "Mstari wa tatu. Peleka feni. Mstari wa nne. Kama bendera imepanda, ruka hadi wa saba. Haijapanda. Mstari wa tano. Washa hita."

Washa hita. Kila mzunguko, hata moto uwe wa tanuri.

"Plagi!" akapiga kelele.

Nilikuwa nimeiacha ndani. 38.8. Nikairukia, nikachomoa, nikafungua mlango wa mashine kidogo. Tulisimama tukiitazama namba ikishuka. Hakunitukana, na ningeona afadhali anitukane.

Nikaipeleka ile mistari miwili ya feni mwanzoni kabisa, kabla ya hesabu ya joto, nikaiingiza programu upya kwenye bodi. Kisha tukachomeka.

37.5. 37.6. 37.7, na hita bado inawaka. Nikaishika plagi. Shangazi akanidaka kifundo cha mkono.

"377 toa 377?"

"Sifuri. Shangazi, niache!"

"Sifuri iko chini ya sifuri?"

"Hapana."

"Basi tulia."

37.8. Tak. Taa ya hita ikazimika.

Nililia, sioni haya kusema. Shangazi alifunga mapazia, akaleta tochi ya kumulika kama vifaranga wako hai, akatoa yai moja kwenye trei ya karibu na hita.

"Macho yangu hayaoni vizuri. Tazama wewe."

Niliweka mwanga chini ya ganda. Kivuli kikubwa kilijaa yai zima. Nikangoja. Nikaligeuza. Nikangoja tena.

"Sema unachokiona," akasema. "Usiseme unachokitaka."

"Halichezi."

Akalipokea, akaliweka kando kwenye kitambaa, akanipa la pili.

"Halichezi."

La tatu nililishika muda mrefu. Karibu na ncha, kitu kilijikunja, kikasukuma, kikatulia, kikasukuma tena.

"Linacheza, shangazi."

Alilirudisha kwenye trei kwa mikono miwili, akachukua jingine. Tulikwenda hivyo yai kwa yai, mlango wa mashine tukiufungua na kuufunga haraka, na sikumdanganya hata kwa moja.