Prosesa Kumi na Mbili za Ammachi

Kumwambia bosi wako amekosea ni kazi. Kumwambia bosi ambaye ndiye mama mkwe wako, mnayekaa naye nyumba moja, asikwambie mtu! Hayo ndiyo yaliyomkuta Jisha, fundi wa kompyuta katika hospitali moja mjini Kottayam, mchana mmoja maabara ilipokwama tena.

Majibu ya vipimo yalikaa kwenye kompyuta pepe, ile isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya seva kubwa na kuchangia prosesa, yaani bongo za kufanyia kazi, na kompyuta pepe nyingine. Prosesa zikingoja zamu kupita kiasi, king'ora kinalia, kompyuta inajizima na kujiwasha upya. Fundi aliyemtangulia Jisha, kila kiliposumbua, alirefusha muda wa kungoja kabla hakijalia, basi! Kelele zikapungua, ugonjwa ukabaki. Sasa wodi ya figo ilikuwa inangoja majibu ya damu, na muuguzi ameshachoka kupiga simu.

Dawa Jisha aliijua: kuipunguzia kompyuta hiyo prosesa. Lakini zile kumi na mbili ilizopewa, Daktari Aleyamma, mkuu wa maabara na mama mkwe wake, ambaye Jisha humwita Ammachi, yaani mama, alizipata kwa kupiga meza kikaoni, na hakuna mgeni aliyekunywa chai kwake asisimuliwe.

"Ammachi, zimezidi," Jisha alisema. "Tubakishe nne."

"Nne? Mashine imelemewa, wewe unainyang'anya nguvu! Una akili timamu, mwanangu?"

Jisha alitamani kusema yaishe, arefushe muda kama mwenzake. Simu ya wodini ikalia tena.

"Unakumbuka harusi ya Shiny?" akajikaza. "Akina Kurian walikataa kula mpaka wapate viti kumi na viwili pamoja?"

"Si walisimama mlangoni mpaka samaki akaisha! Na yule mzee alivyonuna!"

"Na waliokuja wawili wawili wakapenya, wakala, wakaondoka. Sasa Ammachi, mashine yetu ndiyo akina Kurian. Inangoja prosesa zote zipate nafasi pamoja, na kwa kazi yenyewe, nne zinatosha."

Daktari aliacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa.

"Haya, fanya. Ikifa, wodini utakwenda kujieleza mwenyewe."

Jisha aliizima, akapunguza, akaiwasha. Namba ya siri aliikosea, akaiandika tena. Kisha majibu yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, bila kusita. Muuguzi akapiga tena: "Mmefanya nini huko? Sijakaa vizuri, yameshafika!" Jisha alifurahi mpaka akaona haya.

Walikunywa chai dirishani, king'ora kimya.

"Hili ulilijua tangu lini?" Daktari aliuliza.

"Tangu mvua zianze."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuogopa, Ammachi."

Neno hilo lilimchoma Daktari waziwazi. Alizungusha kikombe chake, akakiweka chini.

"Mimi natisha kiasi hicho? Loo! Na nyumbani je? Kuna lingine ulilolimeza? Sema sasa hivi, kabla sijabadili nia."

Jisha aliitazama chai yake.

"Ile mashine yako ya kusagia mchele. Unaiwasha alfajiri, na imeegemea ukuta wa chumba chetu."

"Maskini! Inawaamsha? Tangu lini?"

"Tangu siku ya harusi yetu, Ammachi."