Makangaga ya Nyuma ya Jiko

Dereva alimzika mkewe mwishoni mwa masika, na wiki iliyofuata akarudisha ufunguo wa lori kwa tajiri wake. Miaka thelathini na moja ya barabara ilimtosha. Marehemu alimwachia neno moja tu pale hospitalini: "Makangaga yangu, usiyaache." Basi hakuyaacha.

Yalikuwa nyuma ya jiko, chini ya miti mitatu mikubwa, mahali ambapo jua halifiki na nyasi zilishakataa kuota. Binti yao alipohamia mjini, mkewe alipanda mashina manne, yakatambaa mwaka hadi mwaka mpaka yakafunika ardhi yote, majani yamechanikachanika kama manyoya. Kila Dereva aliporudi nyumbani aliyakuta yamefika magotini, kijani kibichi, na mkewe yumo katikati akijifanya hakusikia honi.

Sasa kiangazi kilipoingia, yakaanza kugeuka manjano, halafu kahawia, halafu yakalala chini. Dereva akaingiwa na kiherehere. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Akanunua mbolea akamimina bila kipimo. Wapi! Akafikia hata kuyasemesha, mtu mzima na mvi zake: "Nimewakosea nini jamani?" Mwezi ulipokwisha hapakuwa na jani bichi hata la dawa.

"Yameshakufa hayo, baba," bintiye alimwambia kwenye simu. "Kesho namtuma fundi amwage zege. Nikija nitapata pa kuegesha gari."

"Utakuja lini?"

"Nitaona, baba. Kazi zimenibana kweli."

Dereva akakubali. Aliona haya kumwambia kwamba kitu pekee alichoombwa na marehemu kilikuwa kimemfia mikononi. Lakini moyo haukutulia. Akang'oa shina moja, akalitia kwenye ndoo, akaenda nalo kwa muuza miche wa pale njia panda. Alitaka angalau aujue ugonjwa.

Muuza miche, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aligeuza shina huku na huku, akapangusa udongo kwa kidole gumba. Katikati ya vikonyo vikavu kulikuwa na vinundu vidogo, vimejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.

"Mzee, huyu hajafa, amelala," akasema, akicheka. "Aina hii hupukutika kila kiangazi. Mvua ya kwanza tu, utamwona. Kwani hujawahi kuyaona hivi?"

"Sijawahi."

"Miaka yote hiyo?"

Dereva akahesabu moyoni. Kiangazi barabara hupitika, ndio msimu wa mizigo. Masika malori hukwama kwenye tope, ndipo naye alipokuwa akirudi kupumzika. Hakuwahi kulala kwake kiangazi hata siku moja.

"Mkeo alikuwa akija hapa miezi hii," muuza miche aliendelea, akilirudisha shina kwenye ndoo taratibu. "Wala hanunui kitu. Anakaa kwenye hicho kigoda tunapiga soga mpaka nafunga. Anasema nyumbani pamekuwa patupu mno."

Dereva alirudi nyumbani akalipanda shina lilipotoka, akalifunika kwa majani makavu kama alivyoelekezwa, kisha akampigia bintiye.

"Fundi asije."

"Kwani yamefufuka?"

"Bado."

"Sasa baba, unangoja nini?"

Akamuaga, akakata simu. Aliingia jikoni. Kiti cha mkewe kilikuwa palepale dirishani, kimeelekea nyuma, mto wake umebonyea katikati. Kila masika alikuwa akimtania kwamba anakaa kama mlinzi wa geti, na mkewe alikuwa akicheka tu. Dereva akakikalia kwa mara ya kwanza. Mbele yake palikuwa na udongo na majani makavu, basi. Akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Mvua ilikuwa bado miezi miwili. Yeye alikuwa na kiangazi kimoja cha kungoja. Mkewe alingoja thelathini na kimoja.