Lugha ya Nakazia

Shangazi Mwanapili alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, nyumbani kwetu Jang'ombe, mkono wake juu ya goti langu. "Matar ameleta posa. Baba yako ananisubiri nje. Wasemaje, mwanangu?"

Nilitazama kucha zake zilizotiwa hina. Nilikuwa na neno moja tu, hapana, na sikulisema. Akangoja kidogo, akatabasamu, akatoka. Vigelegele vyake nilivisikia kabla mlango haujafungwa.

Kwetu mwari haulizwi mara mbili. Akinyamaza, ameridhia. Nililijua hilo vizuri, maana nilikuwa nimelifanyia mzaha.

Mwaka wetu wa mwisho chuoni, mimi na Junaid tulitunga lugha ya kompyuta ya kuchekesha. Tuliiita Nakazia, kwa lile neno watu wanaloandika mitandaoni wakimuunga mkono mwenzao. Ilifanya kazi kweli. Ukitaka amri irudiwe, unaandika "nakazia". Ukitaka programu ikome, "kafie mbele". Ukikosea, kompyuta inakuuliza, "Kwani we' vipi?" Junaid, kijana wa Paje ambaye kicheko chake kilisikika hadi chumba cha pili, ndiye aliyeisambaza kwa wenzetu. Mimi, ambaye hata urojo naagiza kwa kunong'ona, ndiye niliyeiandika. Vidole vyangu vilikuwa na utani ambao mdomo wangu haukuwa nao.

Kanuni ya kunyamaza ilikuwa yangu. Programu ikiuliza swali na mtu asijibu kwa sekunde kumi, inaandika "Mwari karidhia" na kuendelea na safari yake.

Junaid alicheka mpaka akalaza paji la uso mezani. "Nassra, wewe ni hatari," akasema, akifuta machozi. Siku hiyo nilijua nampenda. Sikumwambia. Nilidhani muda upo.

Wiki moja baada ya vigelegele Junaid alinikuta Darajani, mbele ya duka la vitambaa. Shangazi alikuwa ndani, anachagua.

"Hongera," akasema.

"Sikusema ndiyo."

Akaniangalia, na taratibu uso ukambadilika. "Ulinyamaza?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi twende kwa baba yako sasa hivi. Utasema mwenyewe, mimi ntasimama na wewe. Mama anajua habari zako tangu Ramadhani, nilikuwa nangoja nipate kazi tu. Wanitaka, Nassra?"

Kupitia kioo nilimwona shangazi amejiwekea kitambaa cha rangi ya dhahabu kifuani, anajitazama, anacheka peke yake. Nikamfikiria baba, ambaye wiki nzima alikuwa akipita mtaani kama mtu aliyeongezwa kimo. Midomo yangu ilifunguka. Junaid akasogea karibu apate kusikia. Watu walitupita na mafurushi yao, vespa zikapiga honi, naye akangoja, dakika nzima na zaidi, kwa subira ambayo kompyuta yetu hatukuipa.

"Haya," akasema mwishowe, kwa upole. "Nisalimie shangazi."

Huu ni mwaka wa tatu. Matar ni mume mwema. Kila asubuhi huniuliza kama chai yangu imekolea sukari, nami humjibu upesi, kwa sauti.