Bomu Lililofagiliwa

Bomu lililipuka wakati ndege ikiwa tupu, na huo utupu ndio uliomponza mpakia mizigo.

Asubuhi ile mkewe alikuwa amejifungua pacha, wa kike na wa kiume. Habari zilimkuta kazini, kwa simu ya mama mkwe, akiwa ndani ya tumbo la ndege amekumbatia sanduku la mtu. Alitoka anaruka kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Akanunua kreti la soda, akawaita wapakiaji wenzake, wafagiaji, fundi wa magurudumu na hata rubani aliyekuwa akikagua bawa, wote waje kivulini nyuma ya banda wanywe kwa ajili ya watoto wake. Papo hapo wakampa jina: Baba Pacha. Abiria walikuwa bado ukumbini, wanasubiri kuitwa. Soda hazijafika nusu chupa, puu! Tumbo la ndege likafunguka, masanduku yakaruka juu, na mashati ya watu yakashuka polepole kutoka angani kana kwamba yanatafuta kamba ya kuanikwa.

Hakufa mtu. Rubani alimwagikiwa soda ya chungwa kwenye shati jeupe, na hilo ndilo lililokuwa jeraha kubwa la siku ile.

Mtu mwenye akili zake angemkumbatia Baba Pacha. Mkuu wa usalama wa uwanja alimfunga pingu.

"Ulijuaje kwamba watu wanapaswa kutoka kwenye ndege?"

"Nimepata pacha, mzee."

"Na hilo bomu ulilipata lini?"

Huyu mkuu watu walimwita Shwari, maana ukimuuliza habari za usalama jibu lake lilikuwa moja: hali ni shwari. Aliwahi kulitoa jibu hilo akiwa amesimama juu ya meza yake, na nyoka yuko chini.

Kesho yake makao makuu yalimtuma mpelelezi. Alikuwa mama mtu mzima mwenye viatu vya kisigino kifupi, na wenzake walimwita Bi Taratibu. Walimtania kwamba chai yake hupoa kabla hajaikoroga, na kwamba mshtakiwa huweza kukiri, akalala, akaamka, naye bado anamsikiliza. Yeye hakukasirika. Alikuwa amelea watoto watano kwa mwendo huohuo na wote walikuwa wamefika.

Alifika uwanjani amejiandaa kukuta majivu na vipande. Akakuta maua.

Sakafu ya saruji ilikuwa imepigwa maji na sabuni mpaka inang'aa. Vyungu vya maua vilikuwa vimepangwa mstari. Ndege ilikuwa imekokotwa pembeni, na lile tundu la tumboni limefunikwa kwa bango kubwa lililoandikwa KARIBUNI WAGENI.

"Bwana mkuu," Bi Taratibu alisema pole pole, "mahali palipolipuka ni wapi?"

"Hapo uliposimama, Afande." Shwari alisugua viganja kwa furaha. "Tumepasafisha. Mheshimiwa waziri anakuja kesho. Tungempokeaje kwenye uchafu?"

"Lakini huo uchafu ndio ulionileta mimi."

"Ungesema mapema, tungekubakizia kidogo."

Bi Taratibu alivuta pumzi. Wao wote, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wamelelewa hivyo: mgeni mkubwa akitajwa tu, fagio linashikwa kabla ya akili.

"Kamera zilirekodi?"

Shwari alionyesha ukutani. Kamera zilikuwepo, nzuri, nyeusi. Moja ilikuwa inatazama bustani ya maua tangu ifungwe. Nyingine ilikuwa ganda tupu, na ndege wa angani alikuwa amejengea humo kiota.

"Na mbwa wa kunusa?"

"Yuko kazini."

"Kazini wapi? Sijamwona."

"Kwangu. Kuku wanaibwa sana siku hizi, Afande."

Alipelekwa kumwona Baba Pacha katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya ulinzi. Alimkuta amevaa sweta la askari anayemlinda. Askari alikuwa amemvulia kwa sababu chumba kina baridi, naye amebaki na fulana akijifanya anasikia joto. Bi Taratibu aliliona hilo, akalitunza moyoni.

"Nasikia mmoja analia na mwingine ananyamaza," Baba Pacha alisema. "Wanapokezana. Mama mkwe kaniambia kabla hawajaninyang'anya simu. Afande, mimi sijui bomu. Najua kupanga masanduku, mazito chini, mepesi juu. Kesho waziri atasema ni mimi, sivyo?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Akishasema redioni, nani atamrudisha nyuma?"

Bi Taratibu alijua mambo yalivyo. Waziri akitamka jina la mtu mbele ya vipaza sauti, hata mtu huyo akiwa malaika faili lake hufungwa. Alikuwa na siku hiyo na asubuhi inayofuata, basi, na mahali pa kuchunguza pameshapigwa deki.

"Hayo matakataka mliyofagia," alimuuliza askari mwenye fulana, "yalikwenda wapi?"

"Muulize Shangazi."

Shangazi alikuwa kiongozi wa wafagiaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alimpokea mpelelezi katika chumba cha kufulia mataulo, akampa kiti, akampangusia kwanza kwa upindo wa kanga.

"Kufagia tulifagia, tuliamriwa," alisema. "Kutupa hatukutupa. Nguo ya mtu unaitupaje, mwanangu, na mwenyewe yu hai?"

Akavuta pazia. Bi Taratibu akabaki mdomo wazi. Kamba kwa kamba zilikuwa zimeninginia nguo zilizorushwa na bomu, zote zimefuliwa, zinanukia sabuni. Zilizokauka zilikuwa mezani, zimekunjwa. Iliyochanika imeshonwa. Iliyopoteza kifungo imepata kingine, kama si cha rangi ile basi cha karibu yake. Wafagiaji walikuwa wamejitolea, zamu yao ilikuwa imekwisha tangu jana.

Masizi yote ambayo watu wa maabara wangeyasoma yalikuwa yamekwenda na maji.

"Shangazi, mmefua ushahidi."

"Na tumeupiga pasi," alisema Shangazi kwa fahari. Kisha akaona uso wa mgeni wake. "Tumekosea, eeh?"

Bi Taratibu alitaka kulia, akataka kucheka, akaishia kushika gauni dogo la mtoto lililotiwa viraka kwa uzi mwekundu. Mtu gani angewagombeza watu hawa?

"Mmefanya la watu wema," alisema. "Niacheni nitazame tu."

Akatazama, kwa ule mwendo wake. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani. Moja limebonyea, lingine limepasuka ubavu, yote bado ni masanduku. Lakini kwenye ndoo moja kulikuwa na vijipande vidogo kama maganda ya karanga, vya rangi ya bluu iliyoiva. Sanduku hili la bluu halikupigwa na bomu kutoka nje, aliwaza. Hilo ndilo lililolibeba. Akachambua ndoo kipande kwa kipande mpaka akatoa mpini wa kubebea. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka ikagandamana, na ndani yake umenaswa utepe wa kijani.

"Huo ulinishinda kufungua," Shangazi alisema. "Umeshikana. Nikausugua hivyohivyo."

"Utepe huu ni wa nini?"

"Wa waheshimiwa. Mizigo ya chumba chao cha kusubiria inafungwa hivyo. Wakina Baba Pacha hawaruhusiwi hata kuigusa, wahudumu wa huko wanaibeba wenyewe na kuiweka ndani ya ndege mwisho kabisa, ili ishuke ya kwanza."

"Inapita kwenye mashine ya kukagua?"

Shangazi alicheka mpaka kamba za nguo zikatikisika. "Mashine imchungulie mheshimiwa nguo za ndani? Nani atoe amri hiyo?"

Mhudumu wa chumba cha waheshimiwa alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa sare iliyonyooka. Alipoonyeshwa mpini, alikaa kwenye sofa ambalo hakuwahi kuruhusiwa kulikalia.

"Alikuja bwana mmoja wa suti," alisema. "Viatu vinang'aa. Akasema sanduku ni la mheshimiwa, yeye anakuja nyuma. Nikafunga utepe."

"Mheshimiwa yupi?"

"Angeuliza nani, Afande? Mwenzangu aliuliza mwaka jana. Sasa hivi anauza nyanya."

"Na huyo mheshimiwa alikuja?"

Mhudumu alitikisa kichwa. Bi Taratibu alimpa leso yake.

"Kesho utayasema haya mbele za watu?"

"Nikisema nitauza nyanya."

"Nitanunua kwako kila wiki," alisema Bi Taratibu, na alikuwa anamaanisha. Lakini mhudumu alijifuta macho tu.

Bi Taratibu aliwapigia simu makao makuu. Bosi wake alisikiliza, akakohoa. "Mpini uliofuliwa si ushahidi, mama. Halafu unaelekeza kidole chumba cha nani? Unataka tumuudhi nani? Tunaye mtu tayari."

"Tunaye baba wa watoto, bosi."

"Muache waziri asome karatasi yake."

Asubuhi waziri akashuka kutoka kwenye ndege ndogo, akapitia chumba cha waheshimiwa, akaletwa ukumbini kwa makofi. Waandishi walikuwa wamejaa. Shwari alisimama karibu naye amejaza kifua. Baba Pacha aliletwa na pingu zake, bado na lile sweta, na mama mkwe aliyekuwa amekuja kushuhudia alisema kwa sauti ya kusikika, "Tazameni sura ya gaidi! Huyu akichinja kuku anafumba macho!"

Nyuma ya waziri, yule mhudumu mwembamba aliweka begi jeusi la ngozi. Mpini wake ulikuwa umefungwa utepe wa kijani.

Bi Taratibu aliuona. Waziri alikuwa ameshavaa miwani na kufungua karatasi. Safari hii mama yule alitembea haraka.

"Mheshimiwa, samahani. Kabla hujasoma. Hilo begi lako limekaguliwa?"

Waandishi wakageuza kamera. Shwari akamkazia macho ya kumkata.

"Begi langu?" waziri aliuliza.

"Hilo lenye utepe." Akainua mpini ulioyeyuka ili wote wauone. "Huu ulitoka kwenye sanduku lililobeba bomu. Lilipewa utepe kama huo wako, likapita pasipo mashine, likapakiwa na watu wa chumba chako. Huyu aliyefungwa pingu haruhusiwi hata kuligusa. Sasa nauliza tu kwa usalama wako, mheshimiwa: lako limetoka wapi, na lilikaa na nani njiani?"

Waziri alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi alimgeukia dereva. Dereva alitazama dari.

"Lilishushwa kwenye ndege likatiwa kwenye gari," alisema msaidizi. "Halafu... palepale nje... nilikwenda mara moja kunywa maji."

Waziri alirudi hatua moja nyuma, kwa heshima zake zote. Akarudi nyingine, heshima ikapungua. Hatua ya tatu ilikuwa mbio. Waandishi wakaruka viti. Shwari, aliyekuwa karibu na begi kuliko wote, alionekana ghafla amechuchumaa nyuma ya chungu cha maua.

"Bwana mkuu, hali ikoje?" mwandishi mmoja alipaza sauti.

"Shwari!" kilijibu chungu.

Askari mwenye fulana ndiye aliyelibeba begi, mikono imenyooshwa mbele kama aliyebeba sufuria la uji wa moto, akalipitisha kwenye mashine. Kwenye kioo zikaonekana kandambili, kijimto cha kulalia, na chupa nyingi za rangi nyeusi ya nywele.

"Ni za mke wangu," alisema waziri. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe, na hapo ikajulikana kwamba akiwa mbali na karatasi zake hakuwa mtu mbaya.

Kicheko kilipotulia, mhudumu mwembamba alisogea mbele bila kuitwa. Alikuwa bado ameishika ile leso.

"Mimi ndiye niliyefunga utepe," alisema. Akaeleza yote: bwana wa suti, viatu vinavyong'aa, mheshimiwa asiye na jina. Hakuficha hata moja. Alipomaliza Shangazi alikwenda akasimama pembeni yake, akamshika mkono, kana kwamba anamngojea mtu yeyote athubutu kutaja nyanya.

Waziri alikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Mfungueni huyo kijana akawaone wanawe," alisema. "Na kuanzia leo kila begi linapita kwenye mashine, langu la kwanza." Akamtazama Shwari aliyekuwa anajipangusa udongo wa chungu magotini. "Wewe tutaongea ofisini kwangu. Uje na mbwa."

Yule bwana wa suti hakupatikana siku ile. Wanaume wenye suti na viatu vinavyong'aa walikuwa wamejaa mjini, na kamera ilikuwa imepiga picha za maua tu. Bi Taratibu alijua kazi bado ni ndefu, tena sasa ndiyo inaanza. Lakini kwanza aliwasha gari lake, akampakia Baba Pacha mbele na mama mkwe nyuma.

"Endesha basi, mama," mama mkwe alisema. "Au hili gari nalo linasubiri chai ipoe?"

Wodini mke wa Baba Pacha alikuwa ameketi kitandani, mtoto kila upande. Alijisogeza tu mpaka ukingoni ili mumewe apate pa kukaa, naye Baba Pacha akakaa akaanza kulia bila kuficha. Akanyoosha mikono, kisha akaitazama, kama mtu anayejiuliza masanduku haya mawili yanabebwaje bila moja kuanguka.

"Mpe Afande mmoja," mkewe alisema. "Wewe anza na mmoja."

Basi Bi Taratibu akapewa wa kike. Alikuwa ndiye wa zamu ya kulia, akalia kwa bidii, kisha akakishika kidole cha mpelelezi na kunyamaza. Simu ya makao makuu ilianza kuita ndani ya mkoba. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Bi Taratibu alikuwa na mkono mmoja uliobaki, na huo ulikuwa unampigapiga mtoto mgongoni, taratibu.